Johannes Kepler

Johannes Kepler (Weil der Stadt, 27 Desemba 1571 – Regensburg, 15 Novemba 1630) alikuwa mwanaastronomia na mwanahisabati kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kanuni tatu zinazoeleza jinsi sayari zinavyozunguka Jua. Alikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba njia ya sayari si duara bali duaradufu, na kwamba kasi ya sayari hubadilika kadiri inavyokaribia Jua au kuwa mbali nalo.

Aliandika pia vitabu muhimu kuhusu nuru, jicho na darubini. Alifanya kazi hizo katika mazingira magumu: alifukuzwa mjini kwa sababu ya dini, alifiwa na mke na watoto kadhaa, na mama yake mzazi alishtakiwa kuwa mchawi.

Elimu ya anga kabla ya Kepler

Tangu zamani watu waliona kwamba sayari hazikai mahali pamoja kati ya nyota. Kwa kawaida kila sayari husogea polepole kuelekea mashariki, lakini mara kwa mara huonekana kusimama, kurudi nyuma kwa wiki kadhaa, halafu kuendelea tena mbele. Mirihi huonyesha mwendo huo waziwazi.

Klaudio Ptolemaio, aliyeishi Aleksandria katika karne ya 2 BK, alieleza mwendo huo akiiweka Dunia katikati ya ulimwengu. Katika mfumo wake kila sayari ilizunguka kwenye duara dogo ambalo lenyewe lilibebwa na duara kubwa. Mwaka 1543 Nikolaus Kopernikus alitoa kitabu chenye maelezo mengine: Jua liko katikati, na Dunia ni sayari mojawapo. Sayari huonekana kurudi nyuma kwa sababu Dunia huipita njiani, kama vile abiria wa gari la kasi anavyoliona gari la polepole likirudi nyuma linapopitwa.

Hata hivyo Kopernikus alibaki na wazo la kale kwamba mwendo wa mbinguni lazima uwe wa duara. Kwa hiyo alilazimika kuongeza maduara madogo kama Ptolemaio, na majedwali yake hayakuwa sahihi sana kuliko yale ya zamani. Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Kepler.

Utoto

Kepler alizaliwa Weil der Stadt, mji mdogo uliojitawala ndani ya Dola Takatifu la Kiroma, karibu na Stuttgart ya leo. Babu yake Sebald aliwahi kuwa meya wa mji huo, lakini mali ya familia ilikuwa imepungua. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa aliyekwenda vitani mara kwa mara, na mwishowe aliondoka bila kurudi. Mama yake, Katharina Guldenmann, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, na alijulikana kwa kutengeneza dawa za mitishamba.

Johannes alizaliwa kabla ya miezi kutimia na alikuwa mtoto dhaifu. Alipokuwa mdogo aliugua ndui, iliyoharibu macho na mikono yake. Kwa sababu hiyo hakuweza kuwa mtazamaji mzuri wa nyota, na maisha yake yote alitegemea vipimo vilivyochukuliwa na watu wengine.

Mwaka 1577, alipokuwa na umri wa miaka 5, mama yake alimpeleka mahali pa juu ili aone nyotamkia kubwa iliyoonekana Ulaya nzima. Mwaka 1580 alionyeshwa kupatwa kwa Mwezi. Matukio hayo mawili aliyakumbuka hata utu uzimani.

Masomo

Watawala wa Württemberg walikuwa wafuasi wa Martin Luther, na walilipia masomo ya vijana wenye akili ili wapate wachungaji na makarani. Kepler alifaidika na mpango huo. Alisoma shule ya Kilatini, kisha seminari za Adelberg na Maulbronn, na mwaka 1589 aliingia Chuo Kikuu cha Tübingen kwa nia ya kuwa mchungaji.

Huko Tübingen mwalimu wake wa hisabati na astronomia alikuwa Michael Maestlin, mmoja wa wataalamu wachache wa wakati ule waliokubali mfumo wa Kopernikus. Darasani Maestlin alifundisha hasa mfumo wa Ptolemaio, lakini aliwaeleza wanafunzi wake bora mafundisho ya Kopernikus. Kepler aliyapokea mara moja na kuyatetea katika midahalo ya wanafunzi.

Mwaka 1594, kabla hajamaliza masomo ya theolojia, chuo kilimpendekeza awe mwalimu wa hisabati katika shule ya Waprotestanti mjini Graz, Austria. Alisita, kwa kuwa alitaka kuwa mchungaji, lakini hatimaye alikubali.

Graz

Kazi ya Graz ilikuwa na sehemu mbili: kufundisha, na kutunga kalenda ya kila mwaka yenye utabiri wa hali ya hewa na matukio. Mwaka wa kwanza alipata wanafunzi wachache, na mwaka wa pili hakupata hata mmoja, hivyo akapewa masomo mengine ya kufundisha. Kalenda yake ilifanikiwa zaidi. Kwa mwaka 1595 alitabiri baridi kali, ghasia za wakulima na mashambulizi ya Waturuki. Yote yalipotokea, sifa yake ikaenea, ingawa mwenyewe hakuuamini sana unajimu wa namna hiyo.

Mwezi Julai 1595, alipokuwa akichora mchoro darasani, alipata wazo ambalo alilipenda maisha yake yote. Wakati ule zilijulikana sayari sita tu: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kati ya sayari sita kuna nafasi tano. Wagiriki wa kale walikuwa wamethibitisha kwamba kuna maumbo mango matano tu ambayo nyuso zake zote ni sawa, kwa mfano mchemraba. Kepler alifikiri kwamba Mungu aliweka umbo moja katika kila nafasi, na kwamba ndiyo sababu sayari ni sita na umbali wake ni huo ulivyo.

Wazo hilo alilieleza katika kitabu chake cha kwanza, Mysterium Cosmographicum (Siri ya Ulimwengu), kilichochapishwa mwaka 1596. Leo tunajua kwamba halikuwa kweli, kwa kuwa sayari si sita. Lakini ndani ya kitabu hicho mlikuwa na swali jipya. Zohali iko mbali na Jua takriban mara 1.8 kuliko Mshtarii. Kama zingekwenda kwa kasi ileile, Zohali ingemaliza mzunguko mmoja kwa miaka 22 hivi, lakini hutumia miaka 29 na nusu. Kwa hiyo sayari za mbali si tu kwamba zina safari ndefu, bali pia huenda polepole zaidi. Kepler aliona kwamba lazima kuwe na nguvu itokayo kwenye Jua inayozisukuma sayari, na inayopungua kadiri umbali unavyoongezeka. Wataalamu wengi wa nyakati zake waliridhika kukokotoa mahali pa sayari. Yeye alitaka pia kujua kinachoziendesha.

Mwaka 1597 alimwoa Barbara Müller, mjane mwenye binti mmoja. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa wakiwa wachanga. Mwaka uliofuata Ferdinand, mtawala Mkatoliki wa eneo hilo, aliwafukuza wahubiri na walimu wa Kiprotestanti. Kepler aliruhusiwa kurudi kwa muda, lakini mwaka 1600 Waprotestanti wa Graz waliamriwa kugeuka Wakatoliki au kuondoka. Kepler alikataa kubadili dini akaondoka na familia yake.

Praha na Tycho Brahe

Mtu aliyehitaji ujuzi wa Kepler alikuwa Tycho Brahe, kabaila kutoka Denmark. Kwa zaidi ya miaka 20 Tycho alipima mahali pa sayari na nyota kwa vyombo vikubwa vya shaba na mbao, kabla darubini haijabuniwa. Vipimo vyake vilikuwa sahihi kuliko vyote vilivyotangulia. Baada ya kugombana na mfalme wa Denmark alihamia Bohemia (leo ni sehemu ya Ucheki), akawa mwanahisabati wa Kaisari Rudolf II aliyeishi Praha.

Kepler na Tycho walikutana Februari 1600 katika ngome ya Benátky, karibu na Praha. Hawakupatana kwa urahisi. Tycho aliogopa kuibiwa matokeo yake na kumpa Kepler vipimo kidogokidogo. Kepler alilalamika kuhusu malipo na nafasi yake. Hata hivyo kila mmoja alimhitaji mwenzake: Tycho alikuwa na vipimo bila mtu wa kuvifanyia hesabu za kutosha, na Kepler alikuwa na hesabu bila vipimo.

Tycho alifariki ghafla tarehe 24 Oktoba 1601. Siku mbili baadaye Kepler aliteuliwa kushika nafasi yake. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini mshahara mara nyingi haukulipwa kwa wakati. Warithi wa Tycho nao walidai haki juu ya daftari za vipimo, na mzozo huo ulichelewesha uchapishaji wa kazi ya Kepler kwa miaka kadhaa.

Utafiti juu ya Mirihi

Kepler alikuwa amepewa sayari ngumu kuliko zote, yaani Mirihi. Mwanzoni alitumaini kumaliza hesabu kwa siku chache. Kazi ilichukua miaka.

Kwanza alijenga mfano wa duara ambamo Jua haliko katikati kabisa na kasi ya sayari hubadilika. Baada ya kurudia hesabu ndefu mara nyingi, alipata mfano uliolingana na vipimo vya Tycho kuhusu upande ambako Mirihi ilionekana. Lakini mfano huo ulitoa umbali usio sahihi kati ya Mirihi na Jua. Aliposahihisha umbali, upande ukakosewa kwa dakika 8 za tao. Dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii moja, kwa hiyo kosa lilikuwa kama robo ya upana wa Mwezi mpevu unavyoonekana angani.

Kwa Ptolemaio au Kopernikus kosa hilo lisingekuwa tatizo, kwa sababu vipimo vyao vyenyewe vilikosea kiasi hicho au zaidi. Lakini Kepler alijua kwamba Tycho hakukosea kwa dakika 8. Aliamua kwamba vipimo ni sahihi na mfano wake ndio wenye kosa, akaitupa kazi ya miaka na kuanza upya. Uamuzi huo hutajwa mara nyingi kama mojawapo ya hatua kubwa katika historia ya sayansi.

Aliporudi mwanzo aliona kwamba lazima kwanza aijue vizuri njia ya Dunia, maana vipimo vyote vilichukuliwa kutoka Dunia yenyewe inayotembea. Alitumia mbinu ya werevu. Mirihi hulizunguka Jua kwa siku 687. Kwa hiyo akichagua vipimo viwili vilivyopishana kwa siku 687, Mirihi ilikuwa mahali palepale, lakini Dunia ilikuwa mahali pawili tofauti. Kwa njia hiyo aliitumia Mirihi kama alama isiyosogea, kama mpima ardhi anavyotumia mlima wa mbali, akachora njia ya Dunia hatua kwa hatua. Aligundua kwamba Dunia pia huongeza na kupunguza kasi kama sayari nyingine.

Kisha akarudi kwenye Mirihi. Alijaribu umbo kama yai, na akatumia duaradufu kama msaada wa kukokotoa tu. Mwaka 1605 alitambua kwamba duaradufu ndiyo njia yenyewe. Matokeo yalitolewa mwaka 1609 katika kitabu Astronomia Nova (Astronomia Mpya), ambacho kinaeleza pia njia alizojaribu na kushindwa.

Nuru, jicho na darubini

Kazi ya Mirihi ilimlazimisha Kepler kuchunguza nuru, kwa sababu hewa hupindisha kidogo miali ya nyota. Mwaka 1604 alitoa kitabu kuhusu nuru katika astronomia. Humo alieleza kwamba lenzi ya jicho hukusanya miali na kuchora taswira kwenye retina, nyuma ya jicho, na kwamba taswira hiyo iko juu chini. Alieleza pia jinsi miwani inavyowasaidia wasioona mbali au karibu.

Oktoba mwaka huohuo nyota mpya yenye kung'aa sana ilionekana angani. Kepler aliifuatilia kwa zaidi ya mwaka mmoja na kuandika kitabu juu yake. Leo inajulikana kuwa supanova, yaani nyota iliyolipuka, nayo huitwa Supanova ya Kepler. Tangu wakati huo hakuna supanova ya Njia Nyeupe iliyoonekana wazi kwa macho matupu.

Mwaka 1610 Galileo Galilei wa Italia alitangaza kwamba kwa darubini ameona miezi minne ikizunguka Mshtarii. Wengi walimcheka. Kepler, ambaye hakuwa na darubini, alimuunga mkono mara moja kwa maandishi, na miezi michache baadaye aliazima darubini akathibitisha mwenyewe. Mwaka 1611, katika kitabu Dioptrice, alieleza jinsi ya kuunda darubini yenye lenzi mbili mbinuko. Taswira yake hugeuka juu chini, lakini eneo linaloonekana ni kubwa zaidi kuliko katika darubini ya Galileo, na baadaye wanaastronomia wengi waliitumia.

Mwaka huohuo aliandika kijitabu kuhusu chembe za theluji, akiuliza kwa nini huwa na pembe sita. Humo alidai kwamba hakuna njia ya kupanga mipira inayobana nafasi zaidi kuliko ile ambayo wauzaji wa machungwa hutumia sokoni, kila chungwa likikaa katika kishimo kati ya yale ya chini. Dai hilo rahisi lilithibitishwa kihisabati na Mmarekani Thomas Hales mwaka 1998 tu, karibu miaka 400 baadaye.

Linz

Mwaka 1611 ulikuwa mchungu kwa Kepler. Vita viliingia Praha, mwanawe Friedrich wa miaka 6 alikufa kwa ndui, na mkewe Barbara akafariki baada ya miezi michache. Rudolf II alilazimishwa kuachia taji la Bohemia, akafa Januari 1612. Kepler alihamia Linz, Austria, kuwa mwanahisabati wa jimbo.

Huko mchungaji wa Kilutheri alimzuia kushiriki Meza ya Bwana. Kepler alikuwa Mlutheri, lakini alikataa kutia sahihi hati rasmi ya imani ya kanisa lake kwa sababu hakukubali fundisho moja kuhusu mwili wa Kristo. Kwa Wakatoliki alikuwa mzushi, na kwa Walutheri wenzake hakuwa mwamini kamili. Zuio hilo lilimuumiza sana, nalo halikuondolewa kamwe.

Mwaka 1613 alimwoa Susanna Reuttinger. Aliponunua divai kwa ajili ya nyumba yake aliona kwamba wauzaji walipima ujazo wa pipa kwa kutumbukiza ufito mmoja bila kujali umbo lake. Akaandika kitabu kuhusu ujazo wa mapipa, kilichotolewa mwaka 1615. Humo aligawanya umbo katika vipande vingi vyembamba na kuvijumlisha, mbinu iliyosaidia baadaye kukuza kalkulasi.

Tarehe 15 Mei 1618 alithibitisha kanuni yake ya tatu, baada ya kuiona mara ya kwanza mwezi Machi na kuikataa kwa sababu ya kosa la hesabu. Aliitoa mwaka 1619 katika kitabu Harmonices Mundi (Upatanifu wa Ulimwengu), ambamo alilinganisha mwendo wa sayari na muziki. Kati ya 1617 na 1621 alitoa pia kitabu cha kufundishia astronomia ya Kopernikus. Kanisa Katoliki lilikiingiza katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, lakini kilisomwa sana Ulaya.

Kesi ya mama yake

Mwaka 1615 mwanamke mmoja wa Leonberg, aliyegombana na Katharina Kepler, alidai kwamba amerogwa kwa kinywaji alichopewa naye. Wakati ule maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliuawa Ujerumani kwa tuhuma za uchawi. Wengine walijitokeza na tuhuma zao, hata kuhusu mifugo iliyokufa.

Agosti 1620 Katharina, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, alikamatwa na kufungwa kwa minyororo. Kepler aliacha kazi zake Linz akasafiri kwenda Württemberg kumtetea. Alifuata ushahidi mmoja mmoja, akaonyesha kwamba mashahidi walipingana, na kwamba magonjwa yaliyotajwa yalikuwa na sababu za kawaida. Mwishoni Katharina alionyeshwa vyombo vya mateso na kutakiwa akiri. Alikataa. Aliachiliwa Oktoba 1621 baada ya miezi 14 kifungoni, akafariki Aprili 1622.

Kepler aliamini kwamba huenda yeye mwenyewe alichangia tuhuma hizo bila kukusudia. Alikuwa ameandika hadithi iitwayo Somnium (Ndoto) kuhusu kijana anayesafiri hadi Mwezini kwa msaada wa pepo aliyeitwa na mama yake, na nakala zake zilisambaa kabla ya kuchapishwa. Lengo la hadithi lilikuwa kuonyesha jinsi anga linavyoonekana kutoka Mwezini. Ilichapishwa mwaka 1634, baada ya kifo chake.

Majedwali na miaka ya mwisho

Kazi kubwa ya mwisho ilikuwa Majedwali ya Rudolf, yaliyoahidiwa tangu siku za Tycho. Yalimwezesha msomaji kukokotoa mahali pa sayari kwa tarehe yoyote, pamoja na orodha ya nyota zaidi ya 1,000. Kepler alitumia ndani yake logi, zilizobuniwa na Mskoti John Napier na kutangazwa mwaka 1614.

Wakati huo Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimeanza. Mwaka 1626 wakulima walioasi waliuzingira mji wa Linz, na kiwanda cha uchapaji kikaungua. Kepler alihamia Ulm, ambako majedwali yalichapishwa mwaka 1627.

Mwaka 1628 aliingia katika utumishi wa jemadari Wallenstein huko Sagan (leo Żagań, Poland). Kwa kutumia majedwali yake alitangaza kwamba mwaka 1631 Utaridi ingepita mbele ya Jua. Tarehe 7 Novemba 1631 Pierre Gassendi aliona jambo hilo mjini Paris, mtu wa kwanza kulishuhudia na kuliandika. Kepler hakuwahi kujua. Vuli ya mwaka 1630 alikuwa amesafiri hadi Regensburg, akitumaini kupata malipo aliyokuwa akiidai serikali ya Kaisari. Alishikwa na homa akafariki tarehe 15 Novemba 1630, akiwa na umri wa miaka 58. Makaburi alikozikwa yaliharibiwa vitani muda mfupi baadaye, na kaburi lake halijulikani lilipo.

Kanuni tatu za Kepler

Kanuni ya kwanza: kila sayari hulizunguka Jua kwa njia ya duaradufu, na Jua liko kwenye fokasi mojawapo. Duaradufu huchorwa kwa kupiga misumari miwili, kuifunga kamba iliyolegea, na kuivuta kamba kwa kalamu huku ukizunguka. Misumari ndiyo fokasi. Michoro ya vitabuni mara nyingi huirefusha mno. Kwa kweli upana wa njia ya Mirihi ni pungufu kwa chini ya nusu asilimia tu kuliko urefu wake. Kinachoonekana zaidi ni kwamba Jua haliko katikati: umbali wa Mirihi kutoka Jua hubadilika kati ya kilomita milioni 207 na 249.

Kanuni ya pili: mstari unaounganisha sayari na Jua hufagia maeneo sawa kwa nyakati sawa. Maana yake ni kwamba sayari huenda kasi zaidi ikiwa karibu na Jua. Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, ikiwa umbali wa kilomita milioni 147, na kasi yake ni km 30.3 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Julai iko umbali wa kilomita milioni 152, na kasi ni km 29.3 kwa sekunde. Tofauti hiyo ya umbali si chanzo cha majira ya mwaka. Majira hutokana na kuinama kwa mhimili wa Dunia.

Kanuni ya tatu: kipeo cha pili cha muda wa mzunguko hulingana na kipeo cha tatu cha umbali wa wastani. Tukipima kwa miaka ya Dunia na kwa umbali wa Dunia kutoka Jua, Mirihi ina muda wa 1.88 na umbali wa 1.524. 1.88 × 1.88 ni takriban 3.53, na 1.524 × 1.524 × 1.524 ni takriban 3.54. Kwa Mshtarii, yenye muda wa 11.86 na umbali wa 5.2, pande zote mbili hutoa takriban 141.

Kanuni hiyo hutumika pia kwa vitu vinavyozunguka Dunia. Mwezi uko mbali takriban mara 9 kuliko satelaiti za kurusha matangazo ya televisheni. 9 × 9 × 9 ni 729, na 27 × 27 ni 729. Satelaiti hizo huzunguka Dunia kwa siku 1, na Mwezi kwa siku 27 hivi. Kwa kuwa satelaiti huzunguka sambamba na Dunia, sahani ya televisheni juu ya paa haihitaji kugeuzwa.

Makosa na urithi

Kepler alitambua kwamba Jua ndilo linaloongoza mwendo wa sayari, lakini hakujua namna. Alifikiri kwamba nguvu kama ya sumaku huzisukuma sayari kwa ubavu Jua linapojizungusha, na kwamba bila kusukumwa sayari ingesimama. Alikuwa karibu zaidi na ukweli aliposema kwamba Mwezi husababisha maji kujaa na kupwa, jambo ambalo Galileo alilikataa. Galileo pia hakutumia duaradufu.

Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha kwamba kanuni za Kepler hufuata kutoka kwenye sheria moja ya mvutano: vitu vyote huvutana, na kani hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Leo wanaastronomia hutumia kanuni ya tatu, kwa umbo alilolikamilisha Newton, kupima masi ya nyota na sayari za mbali.

Sehemu kubwa ya maandishi yake ilinunuliwa na Katerina II wa Urusi, nayo imehifadhiwa Sankt Peterburg. Kasoko moja kwenye Mwezi ina jina lake. Darubini ya anga-nje Kepler, iliyorushwa na NASA mwaka 2009 na kuzimwa mwaka 2018, iligundua zaidi ya sayari 2,600 zinazozunguka nyota nyingine. Ilipima muda kati ya kufifia kumoja kwa nyota na kunakofuata pale sayari ilipopita mbele yake; kutoka muda huo, umbali wa kila sayari hukokotolewa kwa kanuni ya tatu.